Meneja wa Ekari Mbili

Mpwa wangu amemaliza chuo. Nusu ya gharama nililipa mimi kwa kahawa, nusu ikatoka Bodi ya Mikopo. Bodi itamdai yeye mpaka aote mvi. Mimi sijui nimdai nani, ndiyo maana nanung'unika hapa.

Alirudi Ihanda mwezi wa sita, kahawa imeanza kuiva, akashuka barabarani na begi la magurudumu. Begi la magurudumu ni kitu kizuri sana kwenye sakafu ya uwanja wa ndege. Kwenye njia ya kwangu, katikati ya migomba na mawe, alilibeba kichwani kama gunia la mahindi, magurudumu yanatazama mbinguni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu nyumbani. Hebu nikumbushe, ulisomea nini vile?"

"Menejimenti."

"Menejimenti ya nini?"

"Menejimenti tu, mjomba. Ni taaluma."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama kuku. Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu kijiweni kwamba kijana anasomea "mambo ya ofisi", nikiamini siku moja atanieleza ni mambo gani. Siku imefika, na jibu lenyewe halina kitu cha kushika. Aliyesomea udaktari utampelekea kikohozi. Aliyesomea ufundi umeme utampelekea pasi. Huyu nimpelekee nini?

"Niletee watu," akasema. "Meneja anafanikisha mambo kupitia watu wengine."

Nikamwambia kijijini hapa mtu anayefanikisha mambo kupitia watu wengine tunamwita mvivu, ila kwa heshima ya ada niliyolipa, tuendelee.

Kwanza neno lenyewe limechoka. Baa yoyote barabara hii ina meneja. Ni yule anayekaa na funguo za friji. Gesti za Tunduma zina mameneja. Kazi yao ni kukugongea saa nne kamili asubuhi kuuliza kama unaongeza siku. Timu ya kata ina meneja, anabeba mipira na ndoo ya maji, na refa akikosea yeye ndiye anayezabwa kibao cha kwanza. Ukihamia kwenye Kiswahili chetu safi, "msimamizi", ndiyo unapotea kabisa: yupo msimamizi wa mtihani, msimamizi wa ujenzi, msimamizi wa harusi ambaye kazi yake ni kumfuta bwana harusi jasho, na msimamizi wa mirathi.

Huyo wa mwisho nataka nimseme vizuri, kwa sababu ndiye pekee ninayemheshimu. Msimamizi wa mirathi anapendekezwa na kikao cha ukoo, wote mnanuniana, halafu anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa. Anatakiwa apeleke orodha ya mali: ng'ombe wangapi, bati ngapi, shamba la wapi. Akishagawa anapeleka hesabu. Akizembea, au akijigawia yeye, warithi wanarudi kwa hakimu na usimamizi wake unatenguliwa. Kwa hiyo nchi hii tunajua kabisa namna ya kumwajibisha msimamizi. Sharti lake ni mwenye mali awe amekufa.

"Sasa wewe," nikamwambia mpwa wangu, "ukiharibu, nani anakunyang'anya?"

"Kuninyang'anya nini?"

"Hiyo taaluma."

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na ulidumu wiki nzima, kuanzia uji wa asubuhi mpaka taa inazimwa. Maana mimi taaluma ninayoielewa ni kitu ambacho yupo mtu ana uwezo wa kukupokonya. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972; akipika vitabu wanaweza kumfuta kwenye daftari. Mhandisi ana bodi. Daktari ana baraza. Watu wa manunuzi na ugavi, ambao zamani tulidhani ni watu wa kwenda tu dukani na kurudi na risiti, tangu sheria ya 2007 nao wana bodi. Walimu wametungiwa sheria ya bodi yao ya kitaaluma mwaka 2018. Hata kijana wa bodaboda, yule anayetusubiri barabarani ameweka mguu mmoja kwenye tuta kama chifu, ana leseni, na trafiki akiamka vibaya anaichukua mkononi.

Meneja akizamisha kampuni anachukuliwa nini? Shahada haichukuliki, imeshawekwa fremu sebuleni. Yeye anapangiwa kazi nyingine.

Sijui nani alitunga maneno hayo, "atapangiwa kazi nyingine", lakini ni matamu kuliko pensheni. Tunayasikia redioni: fulani ametenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Fundi muashi wa kwetu ukuta wake ukianguka hapangiwi kazi nyingine. Anahamia Zambia kwa muda. Mchinjaji akikuuzia nyama mbaya hapangiwi bucha jingine. Lakini mtu aliyeua shirika zima anapewa nauli, posho ya uhamisho na ofisi yenye mapazia mapya, akaue jingine taratibu.

Mpwa wangu akachomoa simu. Siku hizi huwezi kubishana na kijana mpaka mwisho. Ukikaribia kumshinda anachomoa simu.

Akanisomea kwamba huko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua shule yake ya biashara mwaka 1908, na tangu mwanzo nia ilikuwa kuifanya kazi ya umeneja ifanane na udaktari na uanasheria. Miaka 100 baadaye, Oktoba 2008, maprofesa wawili wa hapohapo, Rakesh Khurana na Nitin Nohria, wakaandika kwenye jarida la chuo kwamba sasa wakati umefika: umeneja uwe taaluma ya kweli, yenye viapo na maadili.

"Miaka 100 wanatafuta bado?" nikauliza. "Na mbona walikumbuka Oktoba 2008?"

Akatafuta. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka Septemba.

"Aha," nikasema. Sikuongeza neno. Kuna nyakati "aha" inatosha.

Akaendelea kwamba mwaka uliofuata, 2009, wanafunzi waliokuwa wanamaliza pale Harvard walitunga kiapo chao, kama kile cha madaktari, wakaapa mamia kwa mamia kwamba hawatatanguliza tumbo lao mbele ya jamii. Nikamuuliza aliyekivunja alifanywa nini. Akakaa kimya, akapandisha kidole kwenye kioo, akashusha, mwishowe akasema kiapo kilikuwa cha hiari.

Nami naapa kila Januari kuacha kahawa ya usiku.

Halafu, kwa bahati mbaya yake, akafungua makala ya Mwingereza mmoja, Richard Barker, aliyekuwa akifundisha mambo hayohayo Cambridge. Mwaka 2010 alijibu kwenye jarida lilelile kwamba hapana, umeneja si taaluma wala hauwezi kuwa. Hoja yake kwa kifupi: daktari na mwanasheria wana kiini cha elimu kilichokubalika, unakihitimu, na baada ya hapo mgonjwa ana haki ya kukuamini hata kabla hujamgusa. Meneja hana kiini hicho. Kazi yake ni kuunganisha wataalamu wengine, na huwezi kumpima mlangoni. Utamjua baadaye, kwa alichokiacha.

Nikamwambia huyo Mwingereza aje Ihanda, tutamchinjia. Mpwa wangu akasema makala moja si msahafu, na kwamba hata jirani zetu Kenya wana sheria ya mwaka 2012 inayowasajili wasimamizi wa rasilimali watu, tena ukiharibu unaondolewa kwenye orodha. Hapo nilipoa. Wakenya wana tabia hiyo ya kutuwahi. Lakini huyo, nikamwambia, ni wa watu tu, kipande kimoja. Meneja mwenyewe mzima, anayeamua kiwanda kifungwe au kifunguliwe, bado yupo huru kama mbuzi wa sikukuu kabla ya sikukuu.

Mke wangu, ambaye wiki nzima alikuwa anapita na kurudi na ndoo huku sisi tunabishana kuhusu kazi, akatua ndoo.

"Kahawa imeiva," akasema. "Mmoja wenu aisimamie. Mimi naenda msibani."

Mpwa wangu akasimama kama aliyeitwa jina lake kwenye mahafali.

Nieleze kidogo kwa msomaji wa mjini ambaye kahawa anaijua ikiwa imeshafika kwenye kikombe. Huku Mbozi kahawa yetu ni ile ya arabika. Inachumwa nyekundu, iliyoiva, punje kwa punje, na haiivi yote siku moja, kwa hiyo mnarudia mbuni uleule mara kadhaa. Iliyochumwa leo inamenywa leo, kabla haijapata joto. Baada ya hapo inavundikwa, inaoshwa ule utelezi, inaanikwa juu ya vichanja na inageuzwageuzwa siku nyingi. Watafiti wa kahawa wa TaCRI tunao hapahapa wilayani, kituo cha Mbimba, na wamelisema hilo la kumenya siku hiyohiyo mpaka hata mbuzi wangu wanalijua. Mbichi ikichanganyika na mbivu umepoteza daraja. Ikilala kwenye magunia imechacha. Ukweli ni huo tu, hauhitaji shahada. Mke wangu ana darasa la saba na mkono wenye jicho: mchumaji akileta debe lake, mkono unazama mpaka chini kabisa, maana mbichi hufichwa chini, na unatoka na ushahidi. Hasemi kitu. Anamtazama tu mwenye debe, na mwenye debe analimwaga mwenyewe kwenye turubai aanze kuchambua.

Meneja wetu alianza na kikao. Wachumaji 12, wengi wao kina mama waliokuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi wawahi kabla ya jua, wakakalishwa chini ya mwembe. Akawaomba wajitambulishe. Wote ni majirani. Wawili ni mtu na mama yake mzazi. Walijitambulisha. Akawaeleza dira ya shamba. Shamba langu ni ekari mbili, nimelima hapo miaka 30, sikuwahi kujua lina dira. Nilisikiliza kwa makini nijue linaelekea wapi.

Kisha akaweka lengo: madebe 40 kwa siku, na atakayeongoza atapata soda. Nikataka kusema kitu. Akaniinulia kiganja, akasema, "Mjomba, tuheshimu mfumo."

Lengo lilifikiwa saa nane mchana. Yalipatikana madebe 43. Mpwa wangu alikuwa anang'aa, alipiga picha. Mimi nikazamisha mkono kwenye debe la mshindi wa soda kama nilivyomwona mke wangu akifanya. Juu nyekundu, vidole vitatu hivi. Chini yake kijani tupu, majani, vijiti, na kiota cha ndege ambacho, namshukuru Mungu, kilikuwa kimeshahamwa.

Ukimwambia mtu unataka madebe, atakuletea madebe. Hakudanganya. Kahawa hukuitaja.

Bado tulikuwa tunaweza kuokoa kitu. Saa nane ni mapema: ungeanza kuchambua, jioni ungemenya. Lakini ratiba ilisema baada ya kazi ni kikao cha tathmini. Wakaambiwa wataje mafanikio, halafu changamoto. Mama mmoja akasema changamoto ni njaa. Ikaandikwa. Magunia yapo juani, yamefungwa, yanajipikia. Tathmini ikaisha jua linazama, kukawa giza, mashine ya kumenya ni ya kuzungusha kwa mkono na tochi ilikuwa imeenda msibani na mwenyewe. Ikaamuliwa, kwa kauli moja, kazi iendelee kesho.

Kesho yake asubuhi harufu ilitutangulia mlangoni.

Mpwa wangu akaandika ripoti. Nasema kweli, aliandika, kurasa mbili, kwa kalamu ya bluu, na ndani yake mlikuwa na sentensi kwamba "zao limekumbwa na changamoto ya ubora". Mke wangu aliporudi kutoka msibani, hajavua hata kanga ya mabegani, akapewa aisome. Alisoma yote. Akaenda kwenye magunia, akafungua moja, akafunga.

"Imeoza," akasema, akamrudishia karatasi.

Sasa hapa wasomaji wangu mnasubiri nimfokee yule kijana, maana fedha ni yangu na jasho ni langu. Sikumfokea. Nilikuwa na sababu, na nisipoitaja mimi wapo watakaoitaja.

Mwaka 1983, nikiwa na miaka 21, nilikuwa meneja. Ndiyo. Wa duka la kijiji. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu wenye madai ya sukari bado wako hai na mmoja ni mjumbe. Maduka yale ya vijiji yaliletwa kwa wingi na Operesheni Maduka ya 1976, serikali ikitaka wafanyabiashara binafsi waachie njia na wananchi wajiuzie wenyewe. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, mazao yakapewa mamlaka zake, mpaka sheria ya 1982 ikaja kuurudisha ushirika. Kwa hiyo mimi niliingia umeneja wakati nchi nzima ilikuwa inajaribu mameneja. Nilichaguliwa kwenye mkutano wa hadhara kwa sifa mbili: nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mke.

Bidhaa zilikuwa sabuni, chumvi, sukari, vitenge, viberiti, zikija kwa mgao, na zikija hazitoshi. Duka likifunguliwa saa mbili, saa tatu lina rafu tupu na meneja. Miezi kumi baadaye hesabu ikapigwa, ikakataa kukaa. Sikuiba. Nilikopesha. Nilikopesha shangazi zangu, nilikopesha mwalimu mkuu, nilikopesha mkaguzi aliyekuja kukagua. Mkutano ukaitwa. Nilikuwa nimeshafunga shuka zangu nikimbilie Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mwenyekiti akasimama, akazungumza muda mrefu kuhusu umoja, akamalizia kwamba kijana bado ana nguvu, asipotee bure.

Nikapangiwa kazi nyingine. Katibu wa kamati ya maji.

Sasa ningemfokea kwa mdomo upi?

Badala yake nilimkalisha nikampa historia, maana mzee akikosa mamlaka anatoa historia. Nikamwambia: angalia mwaka 1972. Mwaka mmoja huo, wahasibu wanatungiwa sheria ya kuwasajili. Mwaka huohuo kule Mzumbe, palipokuwa na shule ya watu wa serikali za mitaa tangu Waingereza mwaka 1953, kinaanzishwa chuo cha IDM kufundisha uongozi na maendeleo. Ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001. Umeona tofauti? Wahasibu walipewa chuo na bodi. Mameneja walipewa chuo. Nusu moja ya taaluma imekaa pale tangu mimi nina miaka kumi, nusu ya pili bado inatafutiwa kifungu.

Na mwaka huohuo wa 1972 serikali ikafanya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa, kazi zake zikapelekwa kwa maofisa wa serikali mikoani na wilayani. Waliolishauri jambo hilo walikuwa washauri wa menejimenti kutoka Marekani, McKinsey. Miaka kumi baadaye ikabidi itungwe sheria nyingine kuzirudisha halmashauri. Daktari akikukata mguu usiohusika, kuna baraza la kumshtaki. Ukikatwa halmashauri, unaandika barua kwa nani?

"Ila kuna wakati mameneja walinyang'anywa," akasema mpwa wangu. Kumbe darasani alikuwa anasikiliza.

Ni kweli. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotoka, wenye kipengele kinachokataza kiongozi kuwa na majivuno na kunyanyasa, wafanyakazi wa viwandani waliusoma wakauelewa kuliko walioandika. Wakaanza kuwafungia mameneja nje ya geti. Mwaka 1973 pale Dar es Salaam wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakichukua kiwanda kabisa wakakiendesha wenyewe. Wimbi lile serikali ililizima. Lakini kwa muda ule mfupi nchi hii ilikuwa na bodi ya mameneja, na ofisi yake ilikuwa getini, na daftari lake lilikuwa kufuli.

Nikamtazama kijana kwa jicho jipya. Huenda ada haikupotea yote.

Kesho yake mke wangu alichukua shamba. Hakukuwa na mkutano wa makabidhiano. Alipita tu kwenye mistari ya mibuni kabla jua halijatoka, kila mchumaji akamwambia neno lake. Huyu mtoto ana homa, awahi kuondoka. Yule ana deni la madebe mawili ya mahindi, akatwe kidogokidogo. Wale wawili wamegombana, wasipangwe mstari mmoja. Mambo yote hayo yanakaa kichwani mwake na kwenye daftari moja la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, daftari lilelile lenye kikundi cha kuweka na kukopa, michango ya misiba na tarehe ya kuku kutaga. Hilo la misiba ndilo linalonitoa jasho nikilifikiria. Mtu anakufa usiku bila taarifa. Ikifika saa tatu asubuhi kuni zipo, sufuria kubwa zipo, wachimba kaburi wana uji, waombolezaji 200 watakula mara mbili na hakuna atakayekosa kijiko. Hakuna aliyefunzwa. Hakuna aliyelipwa. Nimewauliza wanajuaje, wakaniambia, "Kwani wewe hujawahi kufiwa?"

Nilimuuliza mke wangu kama anachokifanya yeye ni taaluma. Alikuwa anachambua. Akasema taaluma ni ile ukichoka unaweza kuandika barua ya likizo.

Kuna kingine wilayani kwetu kinachosimamia vizuri, nacho ni Kimondo. Kile chuma kilichodondoka kutoka angani, zaidi ya tani 10, kimekaa pale Ndolezi hakijaitisha kikao hata kimoja, na watu wanatoka mbali kuja kukitazama na kulipa kiingilio. Nilimwambia mpwa wangu akiige. Kwanza, asihamishwe. Pili, anyamaze. Hakucheka. Hawacheki siku hizi, wanaandika.

Yeye sasa alikuwa amepewa vichanja. Kazi ya vichanja ni kugeuza kahawa, kuifunika jua likizidi, kuifunika ikitaka kunyesha, na kufukuza mbuzi. Aliifanya vizuri, lazima niseme. Siku ya tatu alikuwa ametengeneza ratiba ya mbuzi. Siku ya tano alikuwa ameacha ratiba na kuokota fimbo. Siku ya nane nilimkuta amezamisha mkono ndani ya kahawa mpaka kwenye kiwiko, ametulia, anaisikiliza kama anavyoisikiliza mkaza mjomba wake, huyu niliyemwoa. Hakupiga picha.

Sasa juzi. Kampuni moja ya kule mpakani Tunduma, ya mambo ya kutoa mizigo, imetangaza nafasi ya meneja msaidizi. Malori yanapangana pale kwenda Zambia na Kongo kama tasbihi, na nadhani wamechoka kuyahesabu. Mpwa wangu akaenda kuchukua fomu, akarudi nayo ndani ya bahasha ili isikunjike, akakaa barazani na ile kalamu ya bluu.

Nikamchungulia begani. Uzoefu wa kazi: "Meneja wa uzalishaji, mradi wa kahawa, Ihanda." Watumishi waliokuwa chini yako: 12. Mafanikio: "Kuvuka lengo la uzalishaji kwa madebe matatu ndani ya siku moja." Vyote ni kweli. Ndiyo ubaya wa fomu, kila kitu ndani yake kinaweza kuwa kweli. Mimi mwenyewe ningejaza hivyohivyo mwaka 1983, "kuhakikisha bidhaa zote zinawafikia wananchi".

"Mjomba, hapa wanataka jina la msimamizi wangu wa mwisho, cheo na sahihi. Nimeandika jina lako. Cheo niweke Mkurugenzi?"

Nikajinyoosha kidogo. Mkurugenzi si mbaya. Nikapokea kalamu, nikaijaribu kwanza kwenye kiganja, na nilikuwa nimeshaweka mkia wa herufi ya kwanza, mwandiko wangu bado mzuri, nikahisi kivuli. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, ungo kiunoni. Anasoma polepole, midomo inacheza. Akafika kwenye jina langu. Akafika kwenye cheo. Hakusema kitu. Alimtazama tu kijana, vile anavyowatazama wenye madebe.

Mpwa wangu akaichukua kalamu mkononi mwangu, akalikata jina langu mstari mmoja ulionyooka, akaandika la mke wangu juu yake. Kwenye cheo akasita, akaacha wazi.

Mke wangu akasema fomu yenye mfuto hawaipokei, hata yeye na darasa la saba anajua hilo, akachukue nyingine safi. Sasa hivi, kabla hawajafunga.

Nauli ya bodaboda nimetoa mimi.